Ruta inaandika anwani ya IP imejirudia kila jioni, kamera zinapotea na waifai inagoma: naombeni msaada

Mama Nuru:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa hii ruta maana imeshaanza kunichosha. Nyumbani hapa Mbezi tuna fiba, ruta yenyewe ipo sebuleni, kebo moja inaenda kwenye swichi ndogo iliyopo stoo ambako kuna DVR (kile kifaa kinachorekodi picha) ya kamera nne pamoja na printa ninayofanyia kazi zangu, afu huko vyumba vya nyuma kwa wapangaji kuna ruta ya pili ambayo fundi alituwekea ili waifai ifike maana kuta zile zinakata sana mawimbi.

Mchana kila kitu kiko poa. Ikifika jioni watu wakisharudi makazini ndo balaa linaanza, nikifungua kamera kwenye simu zinaganda, mara zinarudi, mara inasema kifaa hakipo hewani. Na kuna kijana mmoja mpangaji simu yake inashika waifai vizuri tu, mistari yote imejaa, ila intaneti haifunguki hadi azime waifai awashe tena, saa nyingine ndo ifunguke saa nyingine bado.

Nimeingia 192.168.1.1 nikafungua sehemu ya logi nikakuta imejaa mistari inayofanana, yote inasema duplicate IP address 192.168.1.108 na mbele yake kuna MAC mbili (zile namba za utambulisho wa kifaa) zinapokezana, moja inaanza na 90 nyingine inaanza na a6 (zilizobaki nimezificha). Umeme ukikatika ukarudi ndo inazidi, hapo hadi printa inapotea kwenye laptopu. Huduma kwa wateja kila nikipiga wananiambia zima ruta washa, nazima nawasha inatulia kidogo inarudi vilevile.

Sasa nauliza, kuna mtu anaingia kwenye mtandao wetu? Au ruta ndo imekufa ninunue nyingine? Kazi za watu zinachelewa na mimi nategemea hii printa.

chuma_255:
Dada hapo umeshadukuliwa, MAC mbili kwenye IP moja maana yake kuna mtu katikati anasoma kila kitu. Riset ruta kabisa kwa kile kitundu cha nyuma, weka paswadi mpya, wapangaji wote watoe.

Fundi Kebo:
Mama Nuru pole, na tafadhali sana USIBONYEZE hicho kitundu. Ruta nyingi za fiba zina setingi za mtoa huduma ndani yake, jina la mtumiaji na paswadi yake na vitu vingine, ukiriset vinafutika vyote na unaweza kukaa bila intaneti hadi fundi wao aje. Kubadilisha paswadi ya waifai ni sawa, haina madhara, ila haitatibu hili.

Mkuu chuma, udukuzi wa aina unayosema upo kweli, ila anayetaka kukaa katikati anajifanya ruta, kwa hiyo anwani ambayo ungeona inagombaniwa ni 192.168.1.1 yenyewe, siyo 108. Mtu akiona MAC mbili kwenye anwani ya ruta hapo ndo ashtuke, na hata hapo mara nyingi inakuta ni ruta ya pili ambayo haijabadilishwa namba. Hapa tusimtishe mama wa watu.

Tusome logi yenyewe maana imeshasema mengi. Angalia herufi ya pili ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E hiyo MAC siyo ya kiwandani, imetungwa na programu, na nyumbani wanaofanya hivyo ni simu. Android kuanzia toleo la 10 la 2019 na iPhone kuanzia iOS 14 ya 2020 zinajitungia MAC ya kila waifai ili mtu asifuatiliwe. Kwa hiyo a6 kuna uwezekano mkubwa ni simu ya mtu. Hiyo ya 90 herufi ya pili ni sifuri, ni MAC ya kiwandani, kifaa cha kawaida.

Sasa namba yenyewe, 108. Hiyo namba watu wa kamera wanaijua, vifaa vya Dahua vinatoka kiwandani na 192.168.1.108, na kamera za Hikvision zinatoka na 192.168.1.64. Ruta yako nayo ingia sehemu ya DHCP (ndo inayovigawia vifaa anwani za IP) utazame inagawa kuanzia wapi, kuna ruta za nyumbani zinaanza 192.168.1.100 hadi 199 na zinagawa kwa kufuatana. Yaani mchana watu wachache wanachukua 100, 101, 102. Jioni wapangaji wanarudi na simu zao na laptopu na TV, foleni inafika 108, simu ya mtu inapewa namba ambayo DVR imeikalia tangu siku ilipofungwa. Ndo maana mchana kimya jioni vurugu.

Na kwa nini ruta haijui kwamba 108 ina mwenyewe? Kwa sababu DVR haikuiomba. Kifaa chenye anwani ya kuandikwa kwa mkono hakipigi hodi DHCP, na ruta orodha yake ni ya waliopiga hodi tu. Seva zingine za DHCP zinapima kwa ping (kutuma ujumbe mfupi kuona kama kuna anayejibu) kwanza kabla ya kutoa anwani, na kifaa kinachopokea nacho kinatakiwa kiulize mtandaoni kama kuna mwingine anaitumia kikatae, huo utaratibu uliandikwa vizuri 2008 ila siyo kila kifaa kinaufuata.

Usiniamini mimi lakini, pima. Chukua laptopu iliyo kwenye waifai hiyo hiyo, fungua kile kidirisha cheusi cha cmd kama administreta, andika

ping 192.168.1.108
arp -a

Kwenye orodha ya arp, inayoonesha kila IP ina MAC gani, tafuta mstari wa 192.168.1.108 uone MAC yake. Afu nenda stoo chomoa kebo ya DVR, rudi andika arp -d 192.168.1.108 ili laptopu isahau, piga ping tena, angalia arp -a tena. Fanya jioni watu wakiwepo. Ikitoka MAC ile ya a6 basi umewaona wote wawili kwa macho yako. Na ping ikiandika Request timed out usikate tamaa, simu zingine na laptopu nyingi za Windows hazijibu ping ila kwenye ARP hazina ujanja, MAC itaonekana tu.

dada_stesheneri:
Naongezea hapo kwa Fundi, Mama Nuru andika kwenye karatasi MAC za vifaa vyako vyote vya kudumu, DVR, printa, TV, ruta zote mbili, nyingi zina kikaratasi nyuma au chini. Mi hapa dukani tuna printa na kompyuta kadhaa na hiyo orodha imebandikwa ukutani, ikitokea shida unasoma logi unajua ni nani bila kuzimazima vitu ovyo. Simu za watu ndo usihangaike nazo zinabadilika.

Mama Nuru:
Fundi Kebo Mungu akubariki, nimefanya kama ulivyoelekeza. Kabla ya kuchomoa ilitoka ile ya 90, nimechomoa DVR nikafuta nikapiga ping ikaandika timed out kama ulivyosema ila kwenye arp -a ikatoka ile ya a6!! Na ya 90 ndo iliyoandikwa kwenye kikaratasi cha DVR. DHCP inasema kuanzia 100 hadi 199 kweli. Sasa nabadilisha wapi, kwenye ruta au kwenye DVR? Naogopa nisije nikapoteza kamera kwenye simu, mume wangu yupo safarini na huwa anaziangalia huko aliko.

Fundi Kebo:
Safi sana. Badilisha kwenye DVR, ruta iache igawe 100 hadi 199 kama kawaida, wewe vitu vya kudumu viweke chini ya 100.

Kwenye DVR yenyewe, ile skrini yake au kwa brauza, ingia menyu ya Network kisha TCP/IP, weka 192.168.1.20, sabneti 255.255.255.0, na geti (njia ya kutokea kwenda intaneti, yaani ruta) 192.168.1.1. Usisahau hiyo ya geti na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa IP) maana ukikosea hapo DVR itaonekana ukiwa nyumbani tu, shemeji huko safarini hataona kitu. Kabla ya kuweka 20 piga ping kwanza na arp -a uhakikishe haina mtu.

Kuhusu simu inategemea kamera ziliwekwaje. Kama mlisoma ile QR kod ya DVR au kuandika serial namba yake ya kiwandani basi simu inaipata kupitia seva yao, ukibadilisha anwani ya ndani haiathiri kitu. Kama fundi aliandika anwani ya IP na pot kwenye simu, basi kuna sehemu kwenye ruta alifungua pot kuelekeza 192.168.1.108, ingia huko ubadilishe iwe 20, la sivyo mlango utakuwa unafunguka kwa simu ya mpangaji.

Njia nyingine ni kuacha DVR iombe DHCP kama wengine afu kwenye ruta uifungie namba yake kwa MAC, hiyo nzuri pia na mimi binafsi kwa printa naipenda zaidi. DVR napenda iwe na namba yake ya mkono, ruta ikibadilishwa siku moja angalau najua ipo wapi.

Mama Nuru:
Kamera zimekaa sawa, jioni yote hazijaganda na mistari ya 108 haipo tena, na mume wangu anaziona vizuri, tuliweka kwa QR. Ila tatizo halijaisha lote. Jana umeme ulikatika usiku ukarudi, leo asubuhi logi ina duplicate tena sasa ni 192.168.1.103, na MAC moja ni ya printa. Printa mi sijawahi kuiandikia anwani, imeandikwa automatiki. Na yule kijana bado analalamika vilevile, waifai ipo intaneti hamna.

Mzee wa Swichi:
Mama Nuru salama? Nimesoma kuanzia juu. Wenzangu wamefanya kazi nzuri ila ruta ya pili ya kule nyuma hakuna aliyeigusa na mimi macho yangu yapo pale tangu ulipoandika habari za kijana wa intaneti haifunguki.

Fanya hivi, nenda na laptopu kule nyuma shika waifai ya ile ruta, andika ipconfig /all, tafuta mistari miwili, Default Gateway na DHCP Server. Zima waifai washa, rudia mara kadhaa. Leta majibu.

Mama Nuru:
Shikamoo mzee. Mara ya kwanza imetoka zote mbili 192.168.1.1. Nimezima nikawasha ikatoka zote mbili 192.168.1.254. Na hiyo ya 254 ikitoka intaneti haifunguki!

Mzee wa Swichi:
Marahaba. Ndo hapo sasa.

Fundi aliyefunga alibadilisha namba ya ruta ya pili akaipa 254 ili isigongane na ya sebuleni, hilo alifanya vizuri, na kebo nadhani ameichomeka kwenye pot ya LAN (ya mtandao wa ndani) siyo ile ya WAN (ya kuingizia intaneti), nayo ni sawa. Kilichobaki ni kimoja, hakuizimia DHCP. Kwa hiyo nyumba ina wagawaji wawili, na kila mmoja ana daftari lake ambalo mwenzie halioni. Wote wanagawa 100 hadi 199. Simu ikipiga kelele kuomba anwani, yule anayewahi kujibu ndo anasikilizwa mara nyingi. Akiwahi wa sebuleni, simu inapata geti sahihi inapita. Akiwahi wa nyuma, anaiambia simu "geti ni mimi", na yeye hana intaneti yoyote kwenye WAN yake maana haijachomekwa kitu. Simu inabaki na mistari imejaa na haiendi popote. Kijana akizima na kuwasha ni kama anarusha shilingi, ndo maana saa nyingine inakubali saa nyingine inakataa.

Na printa hivyohivyo. Angalia mtiririko wa umeme ukirudi, ruta ya fiba inachukua muda mrefu kuamka maana ina kazi ya kutafuta laini kwanza, ile ndogo ya nyuma inaamka haraka. Printa inaomba anwani, wa sebuleni bado hajaamka, wa nyuma anaipa 103. Wa sebuleni akiamka yeye daftari lake ni jeupe, ruta nyingi za nyumbani zinaweka hiyo orodha kwenye memori inayofutika umeme ukikatika, anampa mwingine 103 hiyohiyo. Hapo ndo duplicate yako ya asubuhi. Na kama kuna kifaa kipo kwenye UPS (betri ya akiba) pamoja na swichi ndo mbaya zaidi, chenyewe hakijui kama umeme ulikatika, kinaendelea na namba yake ya zamani hadi nusu ya muda kiliokopeshwa ifike ndo kinaenda kuuliza tena, kama ni saa 24 basi masaa 12 mmeshagombana sana.

Dawa: ingia 192.168.1.254, sehemu ya DHCP, zima. Sevu. Kama ruta hiyo ina modi ya Access Point (kusambaza waifai tu bila kugawa anwani) kwenye menyu chagua hiyo inakumalizia yote kwa mkupuo, ila nyingine zikiingia modi hiyo zinabadilisha na anwani yao, hivyo ukikosa 254 itafute kwenye orodha ya ruta ya sebuleni. Na hiyo 254 yenyewe haina shida ipo nje ya renji ya 100 hadi 199.

Baada ya hapo zima vyote, ruta ya sebuleni iwashe kwanza, isubiri hadi intaneti ikae, ndo uwashe swichi, ruta ya nyuma, DVR, printa. Wapangaji wazime waifai wawashe mara moja ya mwisho ili waache anwani walizopewa na ile ya nyuma. Afu kwenye ruta ya sebuleni ifungie printa namba yake kwa MAC, mfano 192.168.1.21, ruta nyingine zinataka hiyo namba iwe ndani ya renji, ikikataa mpe 190.

dada_stesheneri:
Mama Nuru kwenye laptopu nayo uiangalie printa, kama Windows iliisajili kwa anwani ya zamani itaendelea kutuma kazi 103 hata printa ikihamia 21. Futa ile printa uiongeze upya au badilisha pot yake kwenye sifa za printa. Wengi wanaishia hapo wanasema dawa haikufanya kazi kumbe mtandao umeshapona.

Mama Nuru:
Nimemaliza kufanya yote, DHCP ya nyuma nimezima, ipconfig sasa inatoa 192.168.1.1 tu hata nikizima na kuwasha waifai. Printa ilikataa 21 nikaipa 190. Nimeiongeza upya kwenye laptopu imechapa. Kijana amekuja mwenyewe kusema inakwenda. Nimekata umeme kwenye meni swichi makusudi nikarudisha, logi haina duplicate hata moja. Asanteni sana wote, ruta mpya sinunui.

Nahodha wa Kisauni:
Wadau mimi niko Mombasa, niruhusuni niingilie, yangu inafanana lakini si ya namba hizo. Yangu inaandika IPv6 duplicate address kisha namba ndefu inayoanza fe80, mwisho inasema used by na MAC, na hiyo MAC ni ya ekstenda yangu yenyewe niliyoinunua kuongezea waifai juu ghorofani! Yaani ekstenda inajilalamikia. Nimefuata hatua za hapa za arp hazioneshi kitu.

Mzee wa Swichi:
Nahodha, arp ni ya IPv4 (zile anwani fupi kama 192.168.1.1), kwenye IPv6 (hizo ndefu zako) haitumiki ndo maana huoni kitu. Kule kifaa kikitaka kutumia anwani kinatangaza kwanza mtandaoni kuuliza kama kuna mwenye namba hii, kikisikia mtu anaitaja kinaiacha. Sasa hiyo MAC ikiwa ni yake mwenyewe maana yake amesikia sauti yake ikimrudia. Tangazo limetoka likazunguka likarudi.

Niambie, hiyo ekstenda imeunganishwa na ruta kwa waifai, na kuna kebo pia?

Nahodha wa Kisauni:
Ndiyo mzee, iliwekwa kwa waifai, baadaye tukavuta na kebo kutoka kwa ruta tukidhani itaongeza spidi, hatukubadilisha kitu kingine.

Mzee wa Swichi:
Hapo umetengeneza duara, tangazo linatoka kwa waifai linafika kwenye ruta linarudi kwa kebo. Na siyo logi tu, duara hilo linaweza kuulemaza mtandao mzima wa nyumba maana matangazo yote yanazunguka hivyo. Chomoa kebo sasa hivi uone kama mistari inakoma, ikikoma amua moja. Kwa kuwa kebo umeshaivuta baki na kebo, ni bora kuliko waifai, ila kwanza ingia kwenye ekstenda uibadilishe iwe Access Point ndo uichomeke, ikiwa bado kwenye modi ya ekstenda usirudishe kebo. Na ukiwa humo hakikisha DHCP yake imezimwa.